Wafuasi Elfu Arobaini, Salio Lilelile: Namna ya Kuifanya Sanaa Yako Ikulipe Mwaka Mzima

Video ya mchoro wako inaweza kutazamwa mara 40,000 usiku mmoja, na asubuhi ukiangalia salio ukute ni lilelile la jana. Wateja wetu wengi ni wasanii, na swali tunaloulizwa nao mara kwa mara ni hili: mbona watu wananijua na mfuko uko mtupu?

Jibu fupi ni kwamba anayekutazama bado si mteja. Mitandao yenyewe ikilipa, inalipa baada ya safari ndefu. YouTube, kwa mfano, haikugawii pesa za matangazo hadi uwe na wafuatiliaji 1,000 na video zako ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12, au video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo, bado pesa hazitoki hadi zifike dola 100. Hatusemi usipande huo mlima. Tunasema kuna pesa iliyo karibu zaidi, ya yule mtu mmoja aliyeandika chini ya video, "Hii ni ngapi?"

Katika somo hili tutamfuata mchoraji mmoja wa mfano. Yuko Nakuru, anachora sura za watu kwa penseli, na wateja wake humtumia picha kwa simu. Kama wewe ni mwanamuziki, mchongaji au mtengenezaji wa shanga, badilisha vifaa tu. Hesabu haibadiliki sana.

Kutoka kutazama hadi kulipa

Hesabu hatua ambazo mteja wako hupitia. Ameona video. Ameuliza bei. Umemjibu, "Njoo inboksi." Amekuja inboksi, akangoja saa tano ukiwa kwenye matatu. Umempa bei, ameuliza atalipaje, umempa nambari ya simu. Ameiandika, na kabla ya kuweka PIN akaona jina la mtu asiyemjua, kwa sababu laini hiyo ni ya binamu yako. Hapo ameogopa, ametoka, na hatarudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Wakenya wengi walio mtandaoni wameshaumwa angalau mara moja.

Kila hatua katika hizo inakupotezea watu. Dawa yake si ngumu. Weka bei wazi kwenye ukurasa wako, hata kama ni bei ya kuanzia tu: "A4 kuanzia 3,000, A3 kuanzia 5,000, fremu kando." Wasanii wengi wanaogopa kuonyesha bei kwa sababu eti itafukuza watu. Itawafukuza, ndiyo, wale ambao hawangenunua. Waliobaki watakuja inboksi wakiwa wanaulizia siku ya kuchukua.

Pili, lipwa kupitia till iliyosajiliwa kwa jina la kazi yako, jina lilelile lililo kwenye ukurasa. Mteja akiona majina yanalingana, mkono wake hautetemeki. Na nambari yako ya kibinafsi inabaki kuwa ya mama, ya marafiki, na ya chama.

Kuna faida nyingine ya till ambayo wengi huiona baadaye. Ukitumia laini moja kwa kila kitu, pesa ya mchoro inaingia saa nne asubuhi, na ikifika saa sita imeshanunua tokeni za stima, unga, na mchango wa harusi. Jioni huwezi kusema kama sanaa inakulisha au wewe ndiye unayeilisha. Pesa za kazi zikikaa peke yake, taarifa ya miezi sita inakuambia ukweli, na siku utakapotaka mkopo wa SACCO wa kununulia vifaa, una karatasi ya kuonyesha badala ya maneno.

Bei: hapa tukae kidogo

Tuseme mchoraji wetu anauza mchoro wa A3 wenye fremu kwa shilingi 5,000. Karatasi na penseli zinamgharimu 350. Fremu ni 1,400. Kufunga na boda boda ni 300, na data ya kutuma picha na kuongea na mteja ni 150. Jumla ni 2,200. Anabaki na 2,800.

Sasa saa. Kuchora ni saa 14. Kuchat na mteja, kwenda kwa fundi wa fremu na kupeleka kazi ni saa 3 nyingine, ambazo wasanii karibu wote husahau kuzihesabu. Ukigawa 2,800 kwa saa 17 unapata kama shilingi 165 kwa saa.

Halafu anakuja rafiki wa shule. "Si unifanyie bei ya beste, msanii wangu?" Anapunguziwa 1,000, na inaonekana ni asilimia 20 tu. Lakini fremu haijui kwamba huyo ni beste. Gharama inabaki 2,200 ileile, na mchoraji anabaki na 1,800, yaani shilingi 106 kwa saa. Bei imeshuka kwa asilimia 20 na mapato yake yameshuka kwa zaidi ya asilimia 35. Punguzo lote limetoka mfukoni mwake.

Ukitaka kumsaidia rafiki, punguza kazi badala ya bei. Mchoree A4 bila fremu. Yeye amepata kitu cha kiasi chake na wewe saa zako zimelipwa.

Hii pia ndiyo sababu ya kuwa na vitu vya bei tofauti. Michael Soi, mchoraji wa Nairobi anayejulikana kwa picha zake za China Loves Africa, anajulikana vilevile kwa mifuko ya kitambaa anayoichora kwa mkono. Si kila anayependa kazi ya mchoraji ana ukuta na pesa za turubai kubwa. Mfuko, kadi, au nakala ndogo iliyochapishwa humpa mtu wa kawaida nafasi ya kuwa mteja leo, na aliyekulipa mara moja ni rahisi kukulipa tena.

Gharama ya kusafirisha iwe mstari wake peke yake. Wachongaji wa mawe ya Tabaka kule Kisii wanalijua hili vizuri, maana jiwe ni zito na njiani linaweza kuvunjika. Ukiificha kwenye bei, mteja wa mtaa wa pili atalipia boda ya mteja wa Garissa.

Arbuni, na maneno machache ya kuandika

Arbuni, yaani malipo ya awali, isiwe kiasi cha kubahatisha. Kanuni yetu ni rahisi: arbuni itoshe vifaa vyote na ibaki kidogo. Kwa mchoro wetu, nusu ni 2,500 na vifaa ni 2,200, kwa hivyo mteja akipotea, msanii hajaumia sana. Salio lilipwe kabla kazi haijatoka mkononi. Mwonyeshe mteja picha ya mchoro uliokamilika, iliyopunguzwa ubora au yenye alama yako katikati, alipe, kisha umwite boda.

Makubaliano yaandikwe. Si lazima uende kwa wakili kwa mchoro wa 5,000. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao mteja ameujibu "Nimekubali" ni bora mara kumi kuliko mazungumzo ya simu. Unaweza kuandika hivi:

"Habari, nashukuru kwa oda. Mchoro ni A3 kwa penseli, mtu mmoja, pamoja na fremu. Bei ni 5,000. Arbuni ni 2,500 kupitia till, na salio ni 2,500 kabla ya kupokea. Kazi itachukua siku 10 kuanzia siku ya arbuni. Marekebisho ni mara moja. Hakimiliki ya mchoro inabaki kwangu. Wewe unamiliki mchoro wenyewe. Naomba ruhusa ya kuuonyesha kwenye ukurasa wangu. Ukikubali, nijibu 'Nimekubali'."

Ile sentensi ya hakimiliki si pambo. Wasanii wengi wanaamini kwamba aliyechora ndiye mwenye haki siku zote. Kwa kazi uliyojichorea mwenyewe, ni kweli: haki inaanza pale unapoimaliza, bila kujisajili popote, na kwa sheria ya Kenya inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Lakini kazi ya kuagizwa ina kanuni yake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba mkinyamaza, mteja wa 5,000 anaweza kuuchapisha mchoro wako kwenye fulana 300, na wewe ukichapisha nakala za kuuza, yeye ndiye mwenye kulalamika. Sentensi moja inabadilisha hayo yote. Na kama mteja anataka haki pia, sawa kabisa, lakini hiyo ina bei yake.

Kwa kazi zako kubwa ulizojibunia, unaweza kuzisajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Usajili hauleti haki ambayo hukuwa nayo. Unakupa ushahidi wa tarehe pale mtu atakapoichukua picha yako na kuiita yake.

Kuhusu ruhusa ya kuonyesha, usiichukulie mzaha. Sura ni ya mtu, na mara nyingi ni ya mtoto, au ya marehemu ambaye familia bado inamlilia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua picha na nambari za watu kuwa taarifa zao. Akisema hapana, muachie. Kuna michoro mingine ya kuonyesha.

"Nimeshatuma, angalia"

Hapa ndipo wasanii wanapoibiwa zaidi, kwa sababu msanii aliyefurahi hakagui. Mteja amependa kazi, anakusifu, ana haraka, boda wake ameshafika nje. Anakutumia picha ya skrini ya malipo. Au simu yako inalia na ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kawaida: kiasi, tarehe, hata nambari ya muamala.

Picha ya skrini si malipo. Ujumbe pia si malipo. Malipo ni salio lililobadilika. Kabla hujatoa kazi, fungua programu au menyu ya simu yako mwenyewe na uangalie salio au taarifa ya till. Ujumbe wa kweli huja kwa jina rasmi la huduma, wala hauji kutoka nambari ya kawaida ya simu. Mtandao ukiwa chini, ngoja. Mteja wa kweli atakereka kwa dakika kumi na kusahau. Anayekusukuma na kukupigia kelele ndiye hasa wa kungojwa.

Kuna ujanja wa pili. Mtu anakulipa 2,500 kweli, kisha anakupigia: "Pole sana, nilitaka kutuma 250, nirudishie 2,250 kwa nambari hii nyingine." Ukituma kwa huruma, naye akaomba malipo yake ya kwanza yarejeshwe, umelipa mara mbili. Mwambie aombe kurejeshewa kupitia mtoa huduma wake, nawe usiiguse pesa hiyo hadi jambo limalizike. Usitume chochote kwa nambari tofauti na ile iliyokulipa.

Ujanja wa tatu unawahusu zaidi wanaoanza kujulikana. Ukurasa wako unaonyesha jina lako kamili, siku yako ya kuzaliwa, na simu yako. Pengine siku moja uliweka picha ukishika kitambulisho kwa furaha ya kupata kandarasi. Hayo ndiyo maswali ambayo mhalifu huulizwa anapojifanya wewe ili abadilishe laini. Futa picha za vitambulisho, weka PIN kwenye laini yenyewe, na ukikosa mtandao ghafla huku majirani wanao, piga simu huduma kwa wateja papo hapo kwa simu ya mwingine. PIN yako ya pesa haulizwi na mfanyakazi yeyote, hata sisi.

Orodha ambayo ni yako

Akaunti inaweza kufungiwa, kudukuliwa, au mtandao ukabadilisha mtindo wake na video zako zikaacha kuonekana. Wafuasi wako 40,000 wako kwa mwenye mtandao. Kilicho chako ni orodha ya watu waliowahi kukulipa.

Usitegemee taarifa ya till pekee kwa hili, kwa sababu siku hizi nambari ya mteja mara nyingi hufichwa sehemu ili kumlinda. Muombe mwenyewe: "Naomba kuhifadhi nambari yako nikuarifu nikiwa na kazi mpya?" Daftari la kawaida linatosha. Andika jina, nambari, alichonunua, tarehe, na tukio lililomleta. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Aliyeagiza mchoro wa wazazi wake kwa ajili ya miaka 25 ya ndoa ana ndugu, na ndugu hao wana siku za kuzaliwa. Aliyeagiza ya mahafali ya binti yake mkubwa ana mtoto wa pili aliye mwaka wa tatu.

Wape ujumbe mara nne au tano kwa mwaka. Kila wiki ni usumbufu, na watakufungia.

Desemba na ndugu yake Njaanuari

Kazi ya sura ina misimu: harusi, mahafali, Krismasi. Mchoraji wetu tuseme ameuza michoro 9 Desemba, mmoja Januari, na miwili Februari. Baada ya gharama, hiyo ni 25,200, kisha 2,800, kisha 5,600. Jumla ni 33,600.

Akila 25,200 zote Desemba, Januari itamkuta anauza penseli. Lakini miezi hiyo mitatu ina wiki kama 13. Akijilipa mshahara wa 2,500 kila Ijumaa, kutoka till hadi laini yake ya kibinafsi, atatumia 32,500 na bado atabaki na 1,100. Ni pesa zilezile. Tofauti ni kwamba karo ya Januari haitamlazimisha kukubali kazi ya beste.

Panga siku moja ya kujilipa na uishikilie. Kutoa kidogo kidogo kila siku pia kuna gharama ya muamala, na zikijumlishwa kwa mwezi utashangaa.

Kodi na mteja mkubwa

Kwa michoro ya 5,000, inahitajika uuze 200 kwa mwaka ili mauzo yafike milioni moja. Tangu Julai 2023, biashara ndogo zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ziko chini ya kodi ya asilimia 3 ya mauzo, inayolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Ukiwa chini ya hapo bado una ritani ya mwaka ya kuwasilisha KRA kufikia tarehe 30 Juni, na hapo ndipo daftari la gharama linakuokoa, kwa kuwa unahesabiwa faida wala si kila shilingi iliyoingia. Wanaolipwa kwa maudhui ya mtandaoni, kama ya kutangazia kampuni bidhaa zake, wajue kwamba mlipaji anatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa.

Halafu siku moja hoteli itakuandikia ikitaka michoro 12 ya ukumbini. Swali lao la kwanza baada ya bei litakuwa ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 kampuni isiyo na ankara hiyo haiwezi kuihesabu pesa iliyokulipa kama gharama. Jisajili kabla hujaulizwa. Wasanii hupoteza kazi nzuri kwa wiki mbili za kutafuta nywila ya iTax.

Wateja hawa hulipa kwa kuchelewa, siku 30 au hata 60 baada ya kupokea ankara. Usione haya kuwaomba arbuni kama ulivyomwomba yule wa A3, tena hapa una fremu 12 za kununua, yaani 16,800 kwa bei ya mfano wetu. Na kabla hujanunua hata moja, uliza ni nani ndani ya hoteli anayeidhinisha malipo, uandike jina lake na simu yake kando ya nambari ya ankara.